Elia Ni Jina la Mtu

Asubuhi niliyoondoka Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, sikuwa na mahali pa kwenda. Nilikuwa nimekaa kambini misimu michache ya mvua, mwishoni mwa miaka ya tisini, na shamba nililopewa lilikuwa limegundua kabla yangu kwamba mimi si mkulima. Mahindi ya jirani yalitoka ya kijani, yangu yalitoka ya manjano, na wote wawili tulilima kwa jembe la aina moja. Asubuhi hiyo nilimwona dereva wa lori la maharage akifunga turubai, nikamshikia kamba upande wa pili bila kuombwa. Alipomaliza aliniuliza naenda wapi. Nikamwambia huko huko unakokwenda wewe. Akacheka, akanionyesha nafasi juu ya magunia.

Wazazi wangu waliniita Safari kwa sababu nilizaliwa njiani kati ya Fizi na Uvira, kule Kongo, na sijawahi kupata sababu ya kulalamikia jina hilo. Shule niliiacha nikiwa mwaka wa nne wa primere, yaani shule ya msingi. Sikufukuzwa. Nilitaka kujua kulikuwa na nini nyuma ya mlima, na nilipofika nikakuta mlima mwingine. Nawaandikia ninyi vijana wa karakana ya ushonaji mlionisindikiza nilipostaafu wiki iliyopita kwa soda na keki, mkaniomba niwaeleze nilivyoanza. Nitawaeleza. Lakini kuna neno mnalolitumia kila siku mezani bila kujua limetoka wapi, na hilo ndilo linalonifanya niandike zaidi ya mlivyoomba.

Lori lilinishusha Mbarara, nikazurura kwa muda. Nilibeba ndizi sokoni, nikachunga baiskeli za watu mbele ya kanisa, nikajifunza kusalimia Kinyankore vizuri kiasi cha kupewa chai. Kilichonivuta karakanani ni sauti. Nilikuwa napita barabara ya Kakiika alasiri moja, nikasikia cherehani nyingi zinakwenda pamoja, kisha zikanyamaza karibu kwa pamoja, halafu watu wakacheka. Nikasimama dirishani nione ni kiwanda gani kinachofunga kwa kicheko.

Siku hizo palikuwa na nyumba moja ndefu ya bati, mashine za kukanyaga kwa mguu, na mafundi waliokaa kwa duara wakitazamana. Walishona sare za shule. Wengi walikuwa Wakongo wa Kivu ya Kusini kama mimi, na Wanyankore kadhaa. Mzee aliyekaa karibu na dirisha hakuinua kichwa. Aliniuliza kama nilikuja kununua. Nikasema ninaangalia tu.

"Basi angalia ukiwa mu nyumba," akasema. "Huko inje unanifungia jua."

Huyo alikuwa Papa Elia, na kuajiriwa kwangu kulikuwa hivyo. Mwenye karakana, ambaye wote tulimwita Tajiri, alinikuta nafagia vitambaa akadhani Papa Elia ndiye aliyenileta. Papa Elia alidhani Tajiri ndiye aliyenichukua. Walipokuja kuulizana, mimi nilikuwa nimeshajua mkaa wa pasi unahifadhiwa wapi, wakaona ni usumbufu kunifukuza.

Siku za kwanza sikugusa mashine. Papa Elia alinipa pasi, kisha chaki, kisha mkasi, na mkasi ule alinipa kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto. Haukati karatasi, alisema, hata karatasi ya sukari. Halafu alinifundisha kusikiliza. Alinitaka nifumbe macho, niseme mashine ya nani ina uzi uliokaza sana, na ya nani uzi wa chini unakaribia kwisha. Mwanzoni nilibahatisha. Baada ya miezi nilikuwa nasikia: uzi wa chini ukikaribia kwisha, mashine huwa kama mtu anayezungumza huku ameanza kusahau alichotaka kusema. Nilidhani ananifundisha siri ya ufundi. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anajiandaa yeye mwenyewe kwa siku ambazo macho hayatamsaidia.

Sasa niwaeleze kazi ilivyokwenda, kwa sababu ninyi hamkuikuta. Kila fundi alishona nguo nzima, kuanzia kola hadi pindo, na kila mmoja alikuwa na fungu lake la siku. Aliyemaliza kwanza hakuondoka. Alinyoosha mgongo, akaenda kwa aliyekuwa nyuma kuliko wote, akachukua nguo moja kwenye fungu lake akarudi nayo mezani. Wa pili alipomaliza alifanya vivyo hivyo. Aliyebaki nyuma tulimwita mkia, na kumsaidia tuliita kubeba mkia. Hakukuwa na aibu ndani yake, kwa kuwa mkia ulizunguka. Leo ulikuwa wa aliyefiwa, kesho wa aliyekesha na mtoto mwenye homa, keshokutwa wangu mimi kwa sababu nilikuwa nimetazama barabara mno. Mama Sifa, fundi mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi, aliuliza kila alasiri, "Mukia wa leo ni wa nani, niukate?" Kisha ni yeye aliyekuwa wa kwanza kuubeba. Ndiyo maana mashine zilinyamaza pamoja, na ndiyo maana tulitoka tukicheka.

Mimi nilitoroka mara kadhaa katika miaka ile. Nilikwenda Kasese kuona chumvi inavyochimbwa ziwani, nikaenda Kabale kwa sababu mtu aliniambia kuna baridi na mimi nilitaka kuhakikisha. Kila niliporudi nilikuta kiti changu kimesogezwa kidogo lakini kipo. Papa Elia aliniuliza nimeona nini, akasikiliza yote akiwa anashona, kisha akanipa nguo. Yeye mwenyewe alisafiri safari moja tu: kila mwisho wa mwezi alikwenda Oruchinga, kambi ndogo ilikoandikishwa familia yake, akakaa na mkewe, akarudi.

Kadiri miaka ilivyokwenda mkia uliacha kuzunguka. Ukawa unakaa kwa Papa Elia. Macho yake yaliingia ukungu, akawa ananipa sindano nimtungie uzi huku akijifanya anatafuta kitu mfukoni. Mshono wake ulikuwa bado umenyooka, maana vidole vilijua, lakini vilikwenda polepole. Tulimbeba bila kusema. Hata Mama Sifa aliacha kuuliza mkia ni wa nani.

Meneja Ambrozi alikuja wakati Tajiri alipopata kazi ya kushonea shule nyingi kwa mpigo na mashine za umeme zikaletwa. Alikuwa kijana wa Bushenyi aliyesomea Kampala, mpole, mwenye viatu safi hata wakati wa matope. Msinisome vibaya hapa: sikumchukia, na sasa pia simchukii. Alitununulia viti vyenye mgongo. Alitoboa bati akaweka vioo, tukaanza kuona rangi ya uzi bila kutoka nje. Alipima urefu wa meza na urefu wa mikono yetu, na maumivu ya bega niliyoyazoea kama jirani mbaya yakaondoka. Mambo hayo aliyatoa kwenye kitabu, na mimi, ambaye nikiona kitabu siwezi kupita, nilimwomba aniazime. Alishangaa, kisha akanipa, na kamusi juu yake.

Kiingereza changu kilikuwa cha sokoni, lakini nilielewa kiini. Zamani huko Amerika mhandisi mmoja alisimama na saa mkononi mbele ya watu wanaobeba vyuma, akagundua kwamba kila kazi ina njia moja iliyo bora kuliko zote, na kwamba mfanyakazi mwenyewe haijui. Inatakiwa mtu mwingine aichunguze, aikate vipande, apime kila kipande, kisha amrudishie mfanyakazi kipande kimoja na muda wake. Kufikiri kunahamia ofisini, mikono inabaki mezani. Nakiri nilikipenda kitabu kile. Kilikuwa na udadisi, nami ni mtu wa udadisi. Ila nilitafuta mahali ambapo mbebaji mwenye nguvu anaweka chini chuma chake na kumshika mwenzake mkono, sikupaona. Labda Kiingereza kilinipita.

Meneja alitutangazia kwamba tutaacha kushona nguo nzima. Mmoja atashona kola tu, mwingine mifuko tu. Kabla ya kutugawa, alitaka kupima mwendo wetu, na alitupa sote kazi moja ya kupimia: mfuko wa kaptura. Alikuwa na saa ya kubonyeza kwa kidole. Kila meza ilikuwa na kikapu cha kutupia mifuko iliyokwisha, naye angepita akihesabu vikapu.

Tulijua nani angeonekana mkia. Papa Elia hakuwa na shamba la maana, wala mtoto aliyeweza kumlisha. Alikuwa na mkewe Oruchinga na kiti kile karibu na dirisha. Tuliona wazi kwamba akishindwa siku ile, kiti hicho kitaondolewa.

Hakuna aliyepanga lolote. Ningependa mlielewe hilo. Meneja alipogeuka upande wa pili, Mama Sifa aliyekaa kando ya mzee aliusukuma mfuko wake kwenye kikapu cha mzee. Mimi nilifanya vivyo hivyo kutoka upande wangu. Waliokaa mbali walipitisha yao chini ya meza, mkono kwa mkono, kama sadaka ya watu wanaoona haya. Kila mmoja alidhani ni wachache tu waliotoa. Tulikuwa tumefanya tulichofanya siku zote, tumebeba mkia, tena siku hiyo tuliubeba kwa hofu, na mtu mwenye hofu huzidisha.

Papa Elia alijua. Alisikia mifuko inavyoanguka kikapuni. Tulipokunywa chai alisema kwa sauti ya chini, "Leo mumenibeba mubaya, batoto bangu," na alikuwa anatabasamu.

Kesho yake Meneja alitukusanya. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyepata alichotafuta. Alisema amejifunza asihukumu watu kwa umri, kwamba mfanyakazi bora wa nyumba hii yuko dirishani na hakuna aliyewahi kumtambua. Aliandika kwa chaki kwenye ubao mpya idadi ya mifuko ya kikapu cha mzee, na chini yake akaandika: Mwendo wa Elia. Kuanzia siku hiyo, alisema, huo ndio mwendo wa kila meza.

Tulitazamana. Hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu kusema ukweli kulikuwa ni kumtoa mzee kitini.

Wiki hiyo meza zilipangwa kwa mistari, zote zikitazama ubao, kila moja mbali na nyingine kiasi kwamba huwezi kufikia kikapu cha jirani bila kuinuka. Kuinuka kulikuwa na ruhusa yake. Papa Elia alipewa meza ya mbele, ya mfano, akapangiwa kuonyesha wapya namna ya kushika kitambaa, hivyo mwanzoni hakupimwa. Sisi tulipimwa. Mwanzoni tulifanya mzaha, maana mtu wa Kongo hata mazishini hupata la kucheka. Tuliulizana umefika Elia? Bado, nimebaki robo Elia. Mtu akichelewa kazini tulisema Elia amemkanyaga. Mzaha ule ulidumu hadi mafundi wa kwanza walipoambiwa wasirudi. Baada ya hapo jina lilibadilika mdomoni. Nilimsikia msichana mmoja mpya, aliyekuwa akilia juu ya mashine, akisema Elia ni shetani. Alikuwa hajui ni jina la mtu. Papa Elia alikuwa meza mbili mbele yake, na nimeshawaambia kuhusu masikio yake.

Kisha Mama Sifa, aliyekuwa mwepesi kuliko sisi sote, akapewa onyo. Jioni hiyo mzee aliniomba nimsindikize ofisini. Alisema hataki kusimama vibaya mbele ya mlango asiouona.

Alimweleza Meneja yote, kwa utaratibu, kama mtu anayefumua mshono ili asichane kitambaa. Mifuko ile haikuwa yake. Yeye ni mkia, amekuwa mkia kwa miaka. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza. Kisha akasema jambo hili linapimika. Akamrudisha mezani, akabonyeza saa, na Papa Elia akashona mfuko mmoja mbele yetu wote, peke yake, kwa mwendo wake wa kweli. Sijawahi kuona mfuko ulionyooka vile. Wala sijawahi kuona mfuko uliochukua muda mrefu vile.

Mimi nilidhani ukweli umeonekana. Lakini katika kile kitabu kuna sura nzima juu ya wafanyakazi wanaojua kwenda haraka na wanaamua kwenda polepole ili mwendo wa wote ushushwe. Meneja alikuwa ameisoma vizuri kuliko mimi.

"Mzee wangu, mimi naheshimu wewe sana," alisema, na nadhani alisema kweli. "Lakini siku ile nilihesabu na macho yangu. Leo unashona polepole juu unaonea hawa watu huruma. Hiyo ni kutega kazi, ssebo."

Papa Elia aliweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Mu hii kazi baliniitaka majina mingi," alisema. "Mukimbizi. Kipofu. Hata mukia. Mutegaji, hapana bado."

Alichukua koti lake, akatafuta mkono wa koti kwa kidole mpaka akaupata, akatoka. Hakuna aliyemfukuza. Mimi na Mama Sifa tuliingia ofisini kesho yake kueleza mkono kwa mkono jinsi mifuko ilivyotembea. Meneja alisema angekuwa na mzee kama huyo, naye pia angesema uongo kwa ajili yake. Ukweli wetu ulikuwa umeshapewa jina, na jina lake lilikuwa upendo, na upendo haupimwi. Mama Sifa hakumaliza msimu. Baadaye nilisikia amerudi Nakivale, anauza dagaa, na mdomo wake uko salama.

Mimi nilibaki. Mtu aliyetoroka kila mahali hakutoroka pale palipostahili kutorokwa, na sina maelezo. Nilishona mifuko. Meneja Ambrozi alihamia Kampala, wakaja wengine. Ubao wa chaki ukawa ubao wa plastiki, kisha ukawa kioo chenye tarakimu nyekundu zinazopanda zenyewe. Mwendo ulipunguzwa kidogo, ukaongezwa, ukapunguzwa tena, lakini jina halikubadilishwa. Nimewasikia ninyi mkiulizana kwenye mlango wa choo, umefikisha Elia? Kijana mmoja alinieleza kwa uhakika kwamba ni neno la Kiingereza. Sikumsahihisha. Meza zilikuwa mbali, na tarakimu zilikuwa zinapanda.

Basi nawasahihisha sasa. Alikuwa mzee wa Uvira, mwembamba, mwenye vidole virefu, asiyekula chumvi. Alipenda mchana kuliko kitu chochote. Hakuwahi kufika Elia, hata siku moja.

Baada ya soda na keki nililala siku mbili, ya tatu nikaondoka. Nilipita Kaberebere, nikanywa chai hapo, nikachukua pikipiki hadi Oruchinga. Niliuliza kwa Papa Elia fundi. Mtoto wa kwanza hakumjua. Mwanamke aliyekuwa anaanika mihogo alijifuta mikono, kisha akanionyesha nyumba yenye mlango wa bluu.

Mkewe, Mama Neema, alikuwa amekaa nje akichambua maharage. Nilimwambia jina langu, akanitazama, akasema, "Safari wa Kasese, wa chumvi." Alizijua safari zangu zote. Akaniambia mzee alikwisha kufariki, mvua mbili zimepita, na alizikwa kule nyuma ya kanisa pamoja na Wabembe wenzake wa Kivu. Alisema hivyo kama mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo mara nyingi. Mimi ndiye niliyelisikia mara ya kwanza, nikakaa chini bila kukaribishwa.

Alinipa maji. Alichambua tena kidogo, kisha akauliza bila kunitazama.

"Mu ile kazi yenu, aliniambiaka alikuwa mwepesi kushinda bote. Eti baliandika jina yake ku ubao. Batu ba hapa hawakumwamini, juu ya macho yake. Ni kweli?"

Nilifikiri ni nini hasa mzee alichomwambia mkewe, na ni kwa nini.

"Ni kweli, Mama," nikasema. "Jina bado liko. Tulijaribu wote kumfikia, hakuna aliyeweza."

Aliitika kwa kichwa, taratibu, akayamwaga maharage kwenye sufuria. Kisha akainuka, akasukuma mlango wa bluu, akaniuliza kama nimezoea kulala upande wa dirisha ama upande wa ukuta.